Kijiko Kidogo cha Werema

Werema alikuwa dereva wa trekta, mmoja wa wale waliosomba miwa kutoka mashambani kuipeleka kiwandani Awendo. Mtu yeyote aliyemjua miaka ile ya tisini na tano, tisini na sita, atakwambia mambo mawili juu yake. La kwanza, hakuwahi kuangusha trela, hata masika barabara zinapogeuka uji mtupu. La pili, tumbo lake lilifika kazini kabla yake. Hilo la pili alilisema mwenyewe. Alikuwa amegundua zamani kwamba mtu mnene akijicheka kwanza, wenzake hubaki na meno nje bila kazi ya kuyapa. Kwa hiyo kila asubuhi, alipokuwa akijivuta kupanda kitini huku ameshikilia usukani kama mtu anayeopolewa mtoni, aliwatangazia madereva wenzake: "Ngojeni kidogo jamani, mzigo wa kwanza unapakiwa."

Kwao kulikuwa Ukuryani, upande wa Kehancha, karibu na mpaka wa Tanzania, ndiyo maana pale Awendo wengi walimwita Mura, kama Wakuria wanavyoitana wao kwa wao. Alikuja kutafuta kazi ya msimu mmoja, msimu ukaisha, yeye akabaki. Akamwoa Pauline, Mjaluo wa Kosele, mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na wakati huu binti yao Joyline alikuwa darasa la tatu.

Sasa, kuishi Awendo na kuchukia sukari ni kama kuishi ziwani na kuchukia maji. Mji mzima ulinuka molasi. Werema hakuichukia. Chai yake ilitiwa vijiko vinne, na si vijiko vya kusawazishwa, vilikuwa vijiko vyenye kichuguu juu. Pauline alizoea kusema kwamba chai ya mumewe hainywewi, hutafunwa. Kazini matrekta yalipanga foleni ndefu kusubiri mizani, foleni ya kuanzia asubuhi hadi jua kutua, na Werema alikuwa na dawa ya foleni: aliuchomoa muwa mmoja kutoka kwenye mzigo, akatoa panga chini ya kiti, akaanza kumenya. Muwa ukiisha aliagiza mandazi kibandani. Na mfuko wa shati haukukosa kipande cha sukari guru kilichofungwa kwa gazeti, kwa ajili ya dharura. Dharura zilikuwa nyingi.

Kutembea hakutembea. Akitumwa dukani alisimama kwanza mlangoni, akaangalia kama kuna mtu anapita na baiskeli.

Basi wakaenda Kosele kumsalimia mama mkwe. Bathsheba alikuwa mjane, Msabato wa kweli kweli, mama aliyenyooka mgongo na maneno. Nyumbani kwake majani ya chai hayakuingia, alinywa uji na maji ya mchaichai. Na kwa desturi ya Wajaluo, mkwe wa kiume hamzoei mama mkwe hivi hivi. Huketi karibu na mlango, macho chini, mama naye huketi upande wa mbali na kuongea naye kana kwamba anaongea na ukuta. Werema, ambaye kwao pia heshima ya ukweni si mchezo, aliyafuata yote hayo kwa uangalifu mkubwa. Alivaa suruali yake ya kaunda, iliyoshonwa mwaka aliooa. Jambo hilo peke yake lingetosha kumwonya mtu mwenye akili.

Aliletewa kiti cha mbao chenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Akaketi. Kiti kikatoa sauti ndogo, kama mtu anayeguna usingizini. Werema aliisikia. Baadaye alisema angekuwa na busara angesimama pale pale akaomba mkeka. Lakini Pauline alikuwa anamletea bakuli la uji, na yeye akainama mbele kulipokea kwa mikono miwili, kwa adabu.

Miguu ya kiti ikatawanyika kama ya mbuzi aliyezaliwa sasa hivi. Werema akaenda chini, uji ukamwagika kifuani, na suruali ikapasuka kwa nyuma kwa mlio ambao shemeji zake waliokuwa nje, wakifunga ng'ombe, waliusikia wakadhani ni turubai linachanika.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Bathsheba aligeuza uso ukutani ili asiione aibu ya mkwe wake, na kwa kuwa ukimya ulikuwa mzito, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Waliokuwepo wakaitikia. Waliimba ubeti mzima na kibwagizo, na Werema alikuwa bado anajaribu kupata goti la kusimamia. Walianza ubeti wa pili.

Alipokuwa amesimama hatimaye, Pauline amemfunga leso kiunoni, mama mkwe akauambia ukuta, "Kiti kile kilikuwa kigonjwa siku nyingi. Nilisema kitatuaibisha mbele ya wageni."

Werema alijua, kwa kuwa Pauline alikuwa amemwambia njiani, kwamba viti vile vilinunuliwa Oyugis kwa fundi mwezi ule ule.

Wakarudi Awendo. Siku chache baadaye, akipanda trekta, pumzi ilimwishia katikati. Akabaki amening'inia, mguu mmoja juu mmoja chini, moyo unampiga kama pistoni iliyokosa oili. Nyakundi, dereva mwenzake, Mkisii mwembamba ambaye mashati yalimning'inia kama yaliyoanikwa, alimsukuma kwa nyuma mpaka akaketi. "Nenda kliniki, Mura," akasema. "Mimi siwezi kukusukuma kila asubuhi. Nina watoto."

Kliniki alikutana na nesi aliyeitwa Metrine, mwanamke asiyekuwa na haraka. Alimpima presha, akaitazama mashine, akaipima tena. Akampima uzito. Akampima na sukari.

"Sukari bado haijaingia nyumbani, mzee," akasema. "Lakini imepiga hodi. Presha yenyewe imeshaingia, imekaa, imewekewa chai. Wewe unafanya kazi gani?"

"Nabeba miwa, sista."

"Na chai unaweka sukari kiasi gani?"

Werema akamwambia. Metrine akaweka kalamu chini.

"Sista, nitafanyaje?" akajitetea. "Mimi nalala kwa sukari, naamka kwa sukari, mshahara wangu unatoka kwa sukari. Nikiiacha si nitakuwa msaliti?"

"Ukiwa maiti utakuwa msaliti zaidi," Metrine akamjibu. "Punguza sukari. Tembea. Rudi nikuone."

Mtu mwingine angepunguza sukari na kutembea. Werema hakuwa mtu wa kupunguza. Alikuwa mtu wa kutangaza. Jioni ile aliwakusanya madereva kwenye foleni ya mizani, akasimama juu ya trela, akawaambia kwamba kuanzia kesho yeye ni mtu mpya: hakuna sukari, hakuna mandazi, hakuna nyama, hakuna ugali baada ya jua kuzama, na kila alfajiri atakimbia. Wakampigia makofi. Makofi yale yalimlewesha. Akaongeza kwamba na hasira pia ameacha, ingawa hasira hakuwa nayo.

Akanunua raba nyeupe sokoni. Alfajiri ikampata kwenye barabara ya mashamba, anakimbia. Kwa kweli kulikuwa ni kutikisika zaidi kuliko kukimbia, lakini vumbi lilitimka. Mbwa wa kwanza alimfuata, kisha wa pili. Karibu na kitalu cha miwa, mlinzi aitwaye Wangwe akasikia mtu anakuja kwa kishindo huku anahema na mbwa wanabweka nyuma yake. Akafikiri jambo ambalo mlinzi yeyote angelifikiri. Akapuliza filimbi. Werema, badala ya kusimama na kujieleza kama mtu asiye na hatia, aliogopa akajitosa ndani ya miwa.

"Toka na mzigo wako!" Wangwe akapaza sauti.

"Sina mzigo!" Werema akajibu kutoka ndani. "Ni mimi Mura! Nafanya mazoezi!"

"Mura namjua. Mura hakimbii. Toka, mwizi wewe!"

Alitoka mikono juu, raba moja imebaki kwenye matope ya mfereji, majani ya miwa yamemchana uso. Wangwe alipommulika kwa tochi alicheka mpaka akaketi chini. Kabla ya saa ya chai habari ilikuwa imefika kiwandani, imefika mizani, na imerudi.

Na nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Kwa kuwa alikuwa amekataza kila kitu, Pauline alimpikia kabichi. Asubuhi kabichi, jioni kabichi. Hasira aliyosema ameiacha, na ambayo hakuwa nayo, ilimjia sasa. Alimgombeza mtoto kwa kukohoa, akamgombeza jogoo kwa kuwika. Mwishoni mwa juma lile Nyakundi alizunguka nyuma ya kibanda cha chai kwa haja zake, akamkuta mtu mpya amechutama kando ya pipa, shavu limevimba, andazi moja mkononi na jingine mfukoni.

Wakatazamana.

"Usiwaambie," Werema akasema, na makombo yakaruka.

"Nitawaambia," Nyakundi akasema kwa upole. "Lakini maliza kwanza."

Hivyo ndivyo mtu mpya alivyofariki. Werema aliusema msiba huo mwenyewe, kwa madaha, na wakacheka wote pamoja, akarudia chai yake ya vijiko vinne. Lakini nyumbani, akiwa peke yake na viatu vyake, hakucheka. Alijiona kama mtu aliyeahidi kuhamisha mlima, akashindwa hata kuinua beleshi.

Ilikuwa ni wakati huo ambapo Joyline alipata homa na kikohozi, akapewa dawa ya maji pamoja na kijiko chake kidogo cha plastiki. Mtoto akapona, dawa ikaisha, kijiko kikabaki. Na kwa bahati mbaya, au Werema aliamini ni bahati mbaya, kijiko kikubwa cha chuma kilichokaa siku zote ndani ya kopo la sukari kikapotea.

"Kiko wapi kile kijiko?" aliuliza asubuhi moja.

"Sijui kilikokwenda," Pauline akasema. "Labda majirani, ile siku walipoazima vyombo vya mazishi. Tumia hicho cha Joyline."

Akatumia. Vijiko vinne, vyenye kichuguu, kama desturi. Siku ya kwanza aliona chai ina upungufu fulani, akayalaumu maziwa. Siku ya pili akalaumu majani. Baadaye hakulaumu tena kitu, kwa maana mtu huzoea, na yeye alikuwa na foleni ya kuiwazia.

Miezi ikapita. Mchana mmoja mvua ilimzuia mizani, akaingia kibandani kwa Nyamoita, mama muuza chai, akaomba kikombe, cha kwanza kwake hapo tangu siku ya lile andazi. Akachukua kijiko cha pale, cha chuma, akatia vinne vyake. Akapiga funda la kwanza. Akalitema nje ya mlango.

"Nyamoita! Umetia molasi kwenye hii chai?"

"Umetia nini mwenyewe?" Nyamoita akamuuliza. "Nimekuona kwa macho yangu. Vinne. Ndivyo ulivyokuwa ukinywa hapa tangu nianze biashara."

Werema akakitazama kile kijiko. Akakipima kwa kidole. Kisha akakizungusha mkononi mpaka mvua ikaanuka, na watu walioketi naye walifikiri amepata habari mbaya kutoka Kehancha.

Alifika nyumbani, akamkuta Pauline anachambua mboga za osuga uani.

"Mama Joyline," akaanza. "Kijiko changu kilikwenda wapi?"

Pauline hakuinua kichwa. "Kijiko gani?"

"Unajua kijiko gani."

"Kiko chini ya godoro," Pauline akasema, akaendelea kuchambua. "Upande wako. Umekilalia tangu Juni."

"Umenidanganya miezi yote hiyo?"

"Nimekudanganya."

"Mume wako! Kama mtoto mdogo! Na kijiko cha mtoto mdogo!"

Sasa Pauline akaweka mboga chini, akamtazama. "Uliambiwa punguza, ukapanda juu ya trela ukahutubia. Nikakupikia kabichi, ukamgombeza jogoo. Nikaona wewe ukiambiwa unapigana. Ukipigana unashindwa. Ukishindwa unarudi nyuma kuliko pale ulipoanzia. Nikasema wacha nisimwambie. Kwani umeumia wapi?"

Werema alitafuta mahali alipoumia. Alitafuta kwa bidii, kwa kuwa alitaka sana kukasirika. Hakupata. Kinyume chake alikumbuka kwamba wiki iliyopita alipanda trekta bila Nyakundi kumsukuma, na wala hakuliona kuwa ni jambo.

Hakulala mapema siku hiyo, alikaa barazani akifikiri, na fikira zake hazikumsifu hata kidogo. Kumbe mtu mzima, dereva wa daraja la kwanza, anaweza kudanganywa na kijiko. Alijua uzito wa trela kwa kusikia tu mlio wa injini, lakini uzito wa chai yake hakuujua. Basi kama anadanganyika kirahisi namna ile, akawaza, kwa nini kazi hiyo amwachie mke? Si ajidanganye mwenyewe? Na akawaza zaidi: kitu gani ninacho kwa wingi, ambacho hakitaniishia kama makofi yale yalivyoniishia? Jibu likaja haraka. Uvivu. Uvivu alikuwa nao wa kutosha kugawia kijiji.

Ndipo akaanza kuutumia. Kopo la sukari alilihamisha kutoka mezani akaliweka juu kabisa ya kabati, mahali ambapo bila kupanda kigoda hulifikii. Chai ilitiwa sukari mara moja jikoni, na mtu akitaka kuongeza akapande. Werema alitaka kuongeza karibu kila siku. Akatazama kigoda kilipo, akatazama kopo lilipo, akapiga hesabu ya safari, akanywa chai ilivyo.

Panga aliliacha nyumbani. Muwa ulikuwepo, foleni ilikuwepo, lakini sasa ilibidi amenye kwa meno. Jaribio la kwanza lilimtia jeraha kwenye ufizi, na hamu ikapoa. Akajaza maji kibuyu cha plastiki, akakifunga kwa mpira kando ya usukani, karibu kuliko mfuko wa sukari guru, kwa hiyo mkono ukinyooka bila yeye kufikiri ulikutana na maji kwanza. Na trekta, badala ya kulisimamisha mbele ya kibanda cha Nyamoita, alilisimamisha mwisho wa uwanja. Andazi likawa mbali. Mara nyingine njaa ilishinda akatembea kwenda na kurudi, na hapo akawa amekula lakini pia ametembea. Mara nyingi uvivu ulishinda, akalala kitini.

"Huyu anatuhama," Nyamoita alilalamika kwa Nyakundi. "Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea," Nyakundi akasema. "Amegombana na miguu yake, na miguu imeshinda."

Si kila hila ilifanya kazi. Alijaribu kula kwa sahani ndogo ya Joyline, yenye picha ya bata, akaishia kurundika ugali juu mpaka ukaangukia mapajani na mchuzi wake, moto. Pauline alimwomba aachane na ile sahani, na mtoto naye alikuwa anaitaka. Akaachana nayo. Na zile raba nyeupe, ile iliyobaki ilifanywa kiota na kuku.

Kliniki ya Metrine akaanza kwenda bila kusukumwa. Presha ilishuka kidogo, ikakaa, ikashuka tena kidogo. "Unafanya nini?" Metrine alimuuliza siku moja, akiitazama mashine kwa wasiwasi kana kwamba imeharibika.

"Sifanyi kitu, sista," Werema akasema. "Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Nimejipanga nisifanye."

Desemba ikafika, na mwaka ule ulikuwa wa tohara kwao Ukuryani. Mpwa wake alikuwa miongoni mwa vijana, na mjomba haendi sherehe kama ile akakaa pembeni na kibuyu cha maji. Werema alikula nyama ya kuchoma na ya kuchemsha, alikula ugali wa muhogo, alikunywa kila alichopewa na chai iliyotiwa sukari na shangazi zake, wanawake wanaoamini kwamba mtu aliyekonda ana matatizo ya ndoa. "Mke wako hakulishi?" walimuuliza, wakimshika shavu. Alijitetea kwa kula zaidi. Ngoma zilipita, yeye akabaki palipo na sufuria, na sherehe ilipokwisha alikaa siku nyingine kadhaa kusaidia mabaki.

Alirudi Awendo na mkanda umefunguliwa tundu mbili. Asubuhi ya kwanza, akipanda trekta, ile pumzi ya zamani ilimrudia ikamkaba. Nyakundi alimtazama tu, akakunja mikono ya shati, akamsukuma.

Jioni aliingia nyumbani, akavuta kigoda, akapanda, akateremsha kopo la sukari akaliweka mezani pale pale lilipokuwa zamani. Akaliinua godoro, akatoa kijiko cha chuma.

"Unafanya nini?" Pauline akauliza.

"Nimeacha. Mimi si mtu wa haya mambo. Miezi yote nimejenga, kwa wiki mbili nimebomoa. Mtu kama mimi heri ajulikane moja kwa moja."

Pauline alimwacha amalize. Kisha akachukua kile kijiko cha plastiki, akakiweka mbele yake.

"Ulikula kwenu," akasema. "Ulikwenda sherehe, ukala. Wangekuwa ni wangu ningekula pia. Sasa umerudi. Kijiko kiko pale pale kilipokuwa, hakikwenda Kehancha, hakijui ulikula nini. Kwani kimekuuliza?"

"Hakijaniuliza," Werema akakubali.

"Basi."

Werema alikaa akitazama vijiko viwili. Alitaka kusema jambo kubwa, la kuahidi, na mdomo ulikuwa umeshafunguka, lakini alikumbuka trela na makofi, akaufunga. Akatia sukari kwa kile kidogo, vitatu badala ya vinne, na hata hivyo vitatu alivitia kwa kuwa kopo lilikuwa pale mezani. Joyline, aliyekuwa akifanya hesabu za shule kwenye pembe ya meza, alinyanyuka bila kuambiwa, akapanda kigoda, akalirudisha kopo juu ya kabati.

Mwaka uliofuata, muhula wa pili, shule ya Joyline ikafanya siku ya wazazi. Kulikuwa na nyimbo, kulikuwa na hotuba ndefu, na jua likawa kali. Halafu mwalimu mwenye kipaza sauti akatangaza mbio za akina baba, kuzunguka uwanja mara moja, na akasema baba atakayekataa mtoto wake ataketi wa mwisho kwenye chakula. Ilikuwa utani, lakini Joyline hakujua ni utani. Aligeuka akamtazama baba yake kwa macho ambayo Werema alishindwa kuyakwepa.

"Baba, nenda."

"Mimi nitakimbia au nitabingirika?"

"Nenda tu, baba."

Akavua viatu, akapandisha suruali, akajipanga na wenzake. Walikuwa wakulima waliolima asubuhi ile ile, mwendesha baiskeli wa kubeba abiria mwenye mapaja kama mbao, na mwisho kabisa wa mstari Bwana Oyaro, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa amevaa suti. Kipenga kikalia, wote wakachomoka. Werema akabaki kwenye vumbi lao. Mwendesha baiskeli alikuwa ameshafika kona ya kwanza wakati yeye anatafuta mwendo. Wanafunzi wakapiga kelele, wengine wakicheka waziwazi, na mtu fulani nyuma ya umati akaita, "Mura, ngoja trela!"

Lakini miguu iliendelea. Kona ya kwanza ikapita. Alisubiri pumzi imwishie kama ilivyozoea, akajiandaa hata mahali pa kuangukia, palipo na majani kidogo. Pumzi haikuisha. Ilikuwa nzito, ilikuwa ya kelele, ilimchoma mbavuni, lakini ilikuwepo. Kona ya pili. Tumbo lilikwenda upande wake na yeye upande wake, wakakutana kwenye kona ya tatu. Na hapo, mbele yake, akaona mgongo wa suti.

Bwana Oyaro alikuwa anatembea. Amefungua tai, ameshika kiuno, anatembea. Werema alimpita karibu na mti wa bendera. Alimpita polepole sana, kiasi kwamba walipata nafasi ya kusalimiana.

"Habari ya duka, Bwana Oyaro?"

"Si mbaya," Oyaro akasema kwa taabu. "Songa, songa, usiningoje."

Alimaliza wa pili kutoka mwisho. Mshindi alikuwa ameshapewa sufuria yake na ameketi. Waliobaki wote, kwa kuwa mwalimu mkuu alikuwa mtu wa huruma, walipewa kipande cha sabuni ya kufulia kila mmoja. Werema alipokea chake kwa mikono miwili, akahema, akainama kwa umati kama mtu aliyeshinda. Umati ukamshangilia kuliko walivyomshangilia mwendesha baiskeli. Pauline, aliyekuwa amekaa na akina mama chini ya turubai, alijifunika mdomo kwa leso, na hakuna aliyejua kama anacheka au anafanya nini.

Joyline alimkimbilia, akaishika ile sabuni, akaigeuza geuza.

"Baba, ulikuwa wa ngapi?"

"Hukuona?"

"Niliona. Lakini sema wewe."

"Sikuwa wa mwisho," Werema akasema, na jasho likamwingia machoni.

"Ndiyo, hukuwa wa mwisho," Joyline akakubali kwa uzito wote wa mtoto wa darasa la nne. Kisha akafikiri kidogo. "Lakini yule alikuwa anatembea."

"Hilo," Werema akamwambia, akiketi chini kwenye nyasi kwa uangalifu, "tutawaacha waliokuwepo walisimulie wenyewe. Sisi tutasema tu kwamba alikuwa na suti."